Mtoto wa jicho, makula, na woga wa kupasuliwa

Kuna maneno yanazunguka kwetu Uvira, toka Kalundu bandarini mpaka Kavimvira mpakani: "Jicho likishapasuliwa halikai. Litaona mwaka moja, mbili, kiisha litakufa kabisa." Utayasikia kwenye viti vya kungojea hospitalini, utayasikia kanisani, na utayasikia nyumbani siku ile mzazi anapoambiwa kwamba dawa ya jicho lake ni kupasuliwa tu. Ndugu wasomi, tusiwacheke wanaosema hivyo. Wengi wao wameona kitu: muzee fulani alipasuliwa, akaona, halafu baadaye akapoteza tena. Hata watafiti wakubwa wa Marekani na Australia walijiuliza swali lile lile kwa zaidi ya miaka ishirini. Leo napenda tulifungue pole pole, juu kuna wazee wanakaa gizani kwa sababu yake.

Swali lenyewe ni hili: je, kupasuliwa mtoto wa jicho kunaongeza hatari ya kupata ugonjwa wa makula, ule ambao waganga wetu wanauita kwa kifupi cha Kifaransa DMLA?

MAGONJWA MAWILI, SEHEMU MBILI

Tuanze na jicho lenyewe. Lifikirie kama chumba kidogo. Mbele kuna dirisha, nyuma kuna ukuta unaopokea picha. Nyuma tu ya mboni kuna lenzi, kitu cheupe kama maji safi, ukubwa wake karibu na wa haragi. Kazi yake ni kukusanya mwangaza ili picha ifike sawasawa nyuma. Ukuta wa nyuma ndio retina. Katikati ya retina kuna kipande kidogo chenye upana wa milimita 5 hivi, nacho ndicho makula. Udogo usikudanganye. Makula ndiyo inayosoma, inayotambua uso wa mtu, inayoingiza uzi kwenye sindano, inayotenganisha noti ya franka 500 na ya 1000.

Mtoto wa jicho ni ugonjwa wa lenzi. Miaka inavyokwenda, protini zilizo ndani yake zinashikana na kuifanya iwe na ukungu, kama kioo cha gari asubuhi ya baridi. Uzee ndio sababu kubwa, lakini kuna kisukari, kuumia jicho, jua kali la miaka mingi, tumbaku, na dawa za jamii ya kortizoni, zikiwemo zile za matone ambazo watu wananunua farmasi bila kuandikiwa na muganga. Mgonjwa anaona moshi kila upande. Taa zinamchoma macho usiku, rangi zinafifia.

DMLA ni ugonjwa wa nyuma, wa makula. Katika sura yake ya kwanza, uchafu mdogo unajikusanya chini ya retina. Watu wengi wanakaa na hali hiyo bila kujua. Kwa wengine inasonga mbele kwa njia mbili. Ya kwanza ni kavu: seli za makula zinakufa pole pole, kwa miaka. Ya pili ni ya majimaji: mishipa mipya dhaifu inaota chini ya makula, inavuja maji na damu, na mtu anaweza kupoteza katikati ya jicho kwa wiki chache. Hapa mgonjwa haoni moshi kila upande. Anaona doa katikati, au mistari iliyonyooka inapinda. Anaona mlango, lakini uso wa mtu aliyesimama mlangoni hauoni.

Sasa angalia tofauti ya dawa. Mtoto wa jicho anaondolewa: lenzi yenye ukungu inatolewa, ya bandia inawekwa mahali pake. Lenzi ya bandia ya kwanza iliwekwa London mwaka 1949 na daktari Harold Ridley. Alikuwa amegundua kwamba vipande vya plastiki ya dirisha la ndege vilivyoingia kwenye macho ya marubani wakati wa vita havikuleta matata makubwa. Leo kazi hiyo mara nyingi inachukua chini ya nusu saa, kwa ganzi ya jicho tu, na njia ya tundu dogo inayotumiwa sana Afrika na Asia kwa kawaida haihitaji hata nyuzi. Lakini makula iliyokufa haina ya bandia. DMLA ya majimaji inaweza kuzuiliwa na sindano zinazodungwa ndani ya jicho na kurudiwa mara nyingi. Ile kavu, kazi kubwa ni kuipunguza mwendo.

Kwa hiyo, kama ingekuwa kweli kwamba kutibu ugonjwa unaotibika kunaleta ule usiotibika, lingekuwa jambo zito. Ndiyo maana swali hili halikudharauliwa.

MASHAKA YALITOKA WAPI

Mwaka 1988, katika mji mdogo wa Beaver Dam, jimbo la Wisconsin kule Marekani, watafiti walianza kupima macho ya watu karibu 5000 na kuwafuata kwa miaka. Mwaka 1992 wenzao wa Australia walianza kazi ya namna ile ile katika eneo la Blue Mountains, magharibi ya Sydney. Baadaye matokeo yakaonyesha kitu cha kushtua: macho yaliyokuwa yamepasuliwa mtoto wa jicho yalifikia DMLA nzito mara nyingi zaidi kuliko yasiyopasuliwa. Mwaka 2003 timu hizo mbili ziliunganisha hesabu zao, na jibu likabaki lile lile.

Tena kulikuwa na maelezo yenye mantiki. Lenzi ya mtu mzee inageuka rangi ya manjano, na hiyo manjano inazuia sehemu ya mwangaza wa buluu. Ukiitoa, mwangaza mwingi zaidi unafika kwenye makula. Wengine walisema labda uvimbe mdogo unaokuja baada ya upasuaji unaamsha ugonjwa uliokuwa umelala. Viwanda vikatengeneza hata lenzi za bandia zenye rangi ya manjano, kwa matumaini kwamba zitalinda makula. Mpaka sasa, majaribio yaliyokusanywa pamoja hayajaonyesha kwamba zinaikinga na DMLA.

KWA NINI HESABU ILE HAIKUTOSHA

Hapa ndipo elimu yetu inatakiwa ifanye kazi. Kuona vitu viwili vikifuatana hakutoshi kusema kimoja kimezaa kingine. Kuna mitego mitatu.

Wa kwanza ni umri. Mtoto wa jicho ni wa wazee, na DMLA ni ya wazee. Ukichukua watu mia waliopasuliwa, umechukua wazee kuliko wale mia ambao hawajapasuliwa. Tumbaku nayo inaongeza magonjwa yote mawili. Watafiti wanajaribu kusahihisha hayo kwa hesabu, lakini hesabu haisafishi kila kitu.

Wa pili ni ukungu wenyewe. Daktari anayetaka kuangalia makula anapitisha mwangaza kwenye lenzi. Lenzi ikiwa nzito, haoni nyuma. Wewe mtoto wa Uvira unajua vile inakuwaga wakati wa mvua: Mulongwe inashuka toka milimani na matope, maji ya ziwa karibu na mdomo wa mto yanakuwa ya udongo, na hauoni mawe chini. Kiisha siku kadhaa maji yanatulia, mawe yanaonekana. Nani aliyeyaweka pale? Si maji safi. Yalikuwepo. Ndivyo ilivyo kwa makula nyingi "zilizoharibika kisha kupasuliwa": ugonjwa ulikuwepo, lakini haukuonekana na daktari wala kutambuliwa na mgonjwa, juu ukungu ulifunika yote.

Wa tatu ni uchaguzi. Mtu mwenye mtoto wa jicho kidogo na DMLA kidogo anaona vibaya kuliko mwenye kimoja tu. Yeye ndiye anayelalamika mapema, ndiye anayepelekwa kupasuliwa mbele ya wengine. Kwa hiyo kundi la waliopasuliwa linaingia kwenye utafiti likiwa tayari limebeba makula nyingi dhaifu.

Namna ya kukwepa mitego hii ni ipi? Watafiti wa Sydney walipata njia nzuri: usilinganishe mtu na mtu, linganisha jicho na jicho la mtu yule yule. Umri ni mmoja, damu ni moja, sigara ni zile zile, chakula ni kile kile. Jicho moja limepasuliwa, lingine bado. Tena walipima makula baada ya upasuaji, maji yakiwa yameshatulia, ndipo wakaanza kufuatilia. Walichapisha matokeo ya miaka mitatu mwaka 2012: jicho lililopasuliwa halikuonekana kupata DMLA nzito kuliko mwenzake.

Marekani nako, utafiti mkubwa unaojulikana kama AREDS, ulioanza mwaka 1992 na kufuata watu zaidi ya 4700, ulitoa ripoti mwaka 2009 bila kuona madhara ya wazi ya upasuaji. Ule uliofuata, AREDS2, ulifuata watu ambao tayari walikuwa na makula yenye hatari, yaani wale ambao tungewaogopea zaidi. Ripoti yake ya mwaka 2022, baada ya kuwafuata mpaka miaka 10, ilisema vilevile: kupasuliwa mtoto wa jicho hakukuongeza hatari ya kufikia DMLA nzito. Na katika AREDS, watu wenye DMLA waliopasuliwa waliona vizuri zaidi kuliko kabla, hata wengi wenye ugonjwa uliosonga mbele.

Je, mlango wa swali umefungwa kabisa? Mwanasayansi mwaminifu atasema: haikuwezekana kuchukua watu kwa bahati nasibu, kuwapasua hawa na kuwaacha wale gizani miaka kumi ili tuone. Kwa hiyo uhakika wa asilimia mia hatuna. Lakini ushahidi uliopangwa vizuri zaidi unaelekea upande mmoja, nao ni upande wa kupasuliwa.

NA HUKU KWETU?

Zamani vitabu viliandika kana kwamba DMLA ni ugonjwa wa Wazungu tu. Utafiti wa Nakuru, Kenya, ulioanza miaka ya 2007 na 2008 kwa watu wa miaka 50 na zaidi, ulionyesha picha nyingine. Daktari Wanjiku Mathenge na wenzake walipata dalili za mwanzo za DMLA kwa watu karibu 11 katika kila mia, na ugonjwa mzito kwa karibu mmoja katika mia. Kwa hiyo ipo Afrika Mashariki. Lakini haiwezi kulinganishwa na mtoto wa jicho. Makadirio ya dunia kwa mwaka 2020 yalisema kwamba watu wa miaka 50 na zaidi karibu milioni 15 walikuwa vipofu juu ya mtoto wa jicho. Waliopofuka juu ya DMLA walikuwa karibu milioni 1.8. Ukichukua pia umbali wa huduma, sisi tunaoishi kati ya milima na ziwa tunajua upande wetu ni upi.

Nitoe mfano wa nyumbani. Koko yangu, mama ya mama, aliuza ndagala kwa miaka mingi. Macho yake yalianza kuwa na moshi, akakataa kabisa kupasuliwa. Alisema: "Ule muzee wa pembeni walimupasua, mwaka mbili akapofuka katikati. Mimi siendi, muniache na hii moshi yangu." Na ni kweli, jirani yule alikuwa amepoteza katikati ya jicho. Lakini hakuna mtu aliyekuwa ameelezea familia yake makula ni nini, wala kama ilipimwa kabla. Walibaki na maelezo moja tu: kisu.

Miaka iliyofuata ilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa kwenye fakture yoyote. Koko alianguka mara mbili akienda msalani usiku. Mutoto wa ndugu yangu, wa miaka tisa, ndiye aliyekuwa fimbo yake. Siku koko anataka kutoka, mutoto haendi masomo. Hapo ndipo nilielewa kwamba upofu wa mtu mmoja nyumbani unashika watu wawili.

Mwishowe alikubali kupimwa, si kupasuliwa. Daktari alimpanua mboni kwa matone, akaangalia, kiisha akasema naye kwa Kiswahili cha kueleweka: "Mama, una magonjwa mawili. Moshi huu nitautoa. Lakini nyuma kuna alama za uzee, na hizo sitaweza kuzitoa. Utaona njia, utaona watu. Maandishi madogo sikuahidi." Koko akanyamaza, kisha akauliza: "Na ndagala nitaiona kama imekauka?" Akajibiwa ndiyo. Alipasuliwa. Leo anatembea peke yake, anatambua watu, anachagua samaki. Biblia anasomewa. Hakuna aliyesema kisu kimeharibu jicho lake, juu aliambiwa ukweli mbele.

TUFANYE NINI SISI TULIOSOMA

Kwanza, tuulize kabla. Ukimpeleka mzazi, muulize daktari: "Makula umeiona? Iko namna gani?" Kama lenzi ni nzito sana na nyuma hapaonekani, kuna njia nyingine za kukisia: mboni inavyojibu mwangaza, mgonjwa anavyoonyesha taa inatoka upande gani, au ekografi ya jicho. Kama kuna DMLA ya majimaji inayovuja, inafaa itulizwe kwanza. Pima pia sukari na presha ya jicho.

Pili, tujue kwamba si kila jicho linalofifia baada ya kupasuliwa lina makula mbovu. Mara nyingi ni utando mwembamba unaoota nyuma ya lenzi ya bandia, miezi au miaka baadaye, na unafunguliwa kwa mwangaza wa laser bila kisu. Inaweza kuwa glokoma, inaweza kuwa kisukari. Maumivu makali, wekundu na kupungua kwa macho siku za kwanza ni dharura ya kurudi siku ile ile, juu inaweza kuwa maambukizo ndani ya jicho. Vimulimuli vingi au pazia jeusi linaloshuka, vilevile usingoje.

Tatu, kipimo cha nyumbani. Chukua kaye ya hesabu yenye vyumba vidogo, weka nukta katikati ya ukurasa. Mzee avae miwani yake ya kusomea kama anayo, ashike kaye umbali wa sentimita 30 hivi, afunike jicho moja, aangalie nukta. Kisha abadilishe jicho. Mistari ikipinda, au vyumba vikipotea katikati, apelekwe kwa daktari wa macho wiki ile ile. Haigharimu hata franka moja.

Nne, tumbaku. Kati ya mambo ambayo mtu anaweza kubadilisha, hakuna linaloharibu makula kama sigara: inazidisha hatari mara mbili au zaidi. Presha ya damu itunzwe. Majani ya kijani kama lengalenga na sombe, pamoja na samaki wa ziwa letu, ni chakula kizuri kwa macho, ingawa hakirudishi makula iliyokufa. Vidonge vya vitamini na zinki vilivyojaribiwa na AREDS vilipunguza mwendo wa ugonjwa kwa karibu robo, lakini kwa wale waliokwisha kufika kiwango cha kati au zaidi. Havimsaidii kila mtu, wala havizuii mtoto wa jicho. Kofia kwa wavuvi wanaoshinda kwenye mwako wa maji ni busara.

Tano, tuwazuie watu kutia majani, maziwa au chochote ndani ya jicho. Hakuna tone lolote lililothibitishwa, la duka au la porini, linaloyeyusha mtoto wa jicho.

Najua wengi wataniuliza juu ya njia. Kwenda Bukavu kupitia Kamanyola na Ngomo si mchezo, na Bujumbura iko karibu kwa macho lakini mbali mpaka ukifungwa. Ndiyo maana kampeni za macho zikipita karibu, tusiache maneno ya mtaani yajaze viti kabla ya wagonjwa. Mtoto wa jicho akingojwa sana anakuwa mgumu, upasuaji unakuwa na hatari zaidi, na wakati mwingine lenzi iliyoiva kupita kiasi inapandisha presha ya jicho na kuliua kwa maumivu. Hiyo hatari ya kungoja imethibitishwa. Ile ya makula, tafiti zilizopangwa vizuri zimeitafuta na hazikuiona.

Kwa hiyo ukisikia mzee anasema "jicho likipasuliwa halikai", usibishane naye kwa kelele. Muulize ni nani alimwona, na kama makula ya mtu huyo ilipimwa. Kisha mpeleke apimwe yake.